Sifuri Sawa na Sita

Nilikuwa kidato cha kwanza nilipomharibia mama yangu jina kwa hesabu ambayo haikuwa na jibu. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akaanza kunihurumia. Nilikuwa mjuaji, na mjuaji wa miaka kumi na mitano ni mtu wa kuogopwa kuliko simba.

Tuliishi Konoin, upande wa juu wa Mogogosiek, katikati ya miaka ya tisini. Baba alikuwa na wake wawili. Mama mkubwa, yule wa kwanza, alikuwa na nyumba yake juu karibu na barabara. Ya mama yangu ilikuwa chini kidogo, ukishapita boma la ng'ombe. Watu wa kanisa walikuwa wamechoka kulisema jambo hilo na baba alikuwa amechoka kulijibu, basi Jumapili sote tulikwenda ibadani, wake wawili wakakaa benchi moja, na maisha yakaendelea.

Kila mmoja alikuwa na jiko lake, ng'ombe wake na shamba lake la mahindi, kama desturi ya kwetu inavyotaka. Ila chai ilikuwa moja. Baba aliipanda akiwa kijana, ikaandikwa kwa namba moja ya mkulima kwenye kituo cha kununulia majani. Baadaye aliwagawia wake zake mistari, ya juu kwa mama mkubwa na ya chini kwa mama, lakini kituoni majani yote yaliingia kwa namba ile moja. Karani aliyapima pamoja, akaandika kilo za jumla kwenye risiti moja, na lori la kiwandani likayachukua.

Mama yangu alikuwa mchumaji. Wapo watu wanaochuma chai na wapo wachumaji. Alichuma kwa mikono miwili, majani mawili na kichipukizi, akikutazama usoni na kukusimulia habari za kanisani, na kikapu cha mgongoni kikajaa bila yeye kugeuka. Baba mwenyewe alimwona mara ya kwanza akichuma katika shamba la jirani, na alipenda kusema kwamba alioa ile mikono kwanza, mwenye mikono akaja nayo. Kwa baba, hilo ndilo lilikuwa jina la mama. Hakuwa na mtoto wa kiume, hakuwa na ukoo mkubwa wa kumsimamia, hakujua kusoma. Alikuwa na mikono.

Nadhani ndiyo maana mama mkubwa alianzia hapo. Siku moja wakati wa likizo ya Aprili alimwambia baba mbele yetu kwamba vikapu vya mama ni vingi lakini ni vya hewa.

"Mimi nikileta viwili, yeye analeta vitatu," alisema. "Anasifiwa. Lakini inua kimoja chake uone. Majani yamelala tu juu juu."

Mama alicheka. "Majani ya chai si ya kukalia, dada. Ukiyabana yanaumia."

"Basi yapimwe," mama mkubwa akasema.

Mtu wa kwingine atauliza kwa nini hayakupimwa. Mizani ilikuwa pale kituoni, inaning'inia mchana kutwa. Unatundika cha huyu, unatundika cha yule, kwisha maneno. Lakini baba alikataa, na mzee yeyote wa kwetu wakati ule angekataa. Kupima majani ya wake wako kila mmoja kivyake, majirani wamepanga foleni nyuma yako, ni kutangaza kwamba boma lako limepasuka. Baba alisema kituoni boma linaongea kwa mdomo mmoja, na hatakuwa yeye wa kuwapa watu cha kutafuna kijiji kizima. Aliona afadhali ugomvi uishie nyumbani.

Kisha akanigeukia mimi.

Muhula ule tulikuwa tumefundishwa milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana. Unaita kimoja x, kingine y, unazidisha mlinganyo mmoja mpaka kitu kilingane na kitu, unatoa, kimoja kinakufa, kingine kinajitokeza. Mimi niliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Nilikuwa nimemwonyesha baba mfano wa kalamu na madaftari, namna unavyoweza kujua uzito wa kila kimoja bila kukipima peke yake, mradi umepima mchanganyiko mara mbili. Alistaajabu sana. Alimwonyesha hata mtu aliyekuja kununua ndama.

"Hiyo hesabu yako," akaniambia sasa. "Inaweza kutoa kikapu cha huyu na kikapu cha huyu, ikiwa risiti ni moja?"

"Inaweza," nikasema. Sikungoja hata kumeza mate. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, lakini mimi wakati ule wahenga niliwaona kama watu waliokosa shule tu.

Nikawapa utaratibu. Jumatatu tutahesabu vikapu na kuweka risiti. Alhamisi tena vivyo hivyo. Vikapu vyao vilikuwa sawa, vimesukwa na mtu mmoja, kwa hiyo tofauti ingekuwa ya majani tu. Jumatatu walichuma nusu siku kwa sababu kulikuwa na matanga kwa jirani. Mama mkubwa alileta viwili, mama vitatu, risiti ikasema kilo arobaini na mbili. Alhamisi walichuma kutwa, watoto tukisaidia. Mama mkubwa alileta vinne, mama sita. Risiti ilisema tisini.

Jioni hiyo jua likiwa bado juu, baba alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba ya mama mkubwa. Mama mkubwa alisimama mlangoni. Mama alikaa kwenye nyasi, miguu ameinyoosha, akichambua mboga. Mimi nilipewa meza, kiti na ukimya. Hakuna mtu katika boma lile aliyewahi kupewa ukimya.

Nikaandika. Viwili vya x na vitatu vya y ni arobaini na mbili. Vinne vya x na sita vya y ni tisini. Nikaona upesi kwamba nikizidisha wa kwanza mara mbili, x zitalingana. Nikazidisha: vinne vya x na sita vya y, themanini na nne. Nikatoa huu kwenye ule. X zikafa, kama inavyotakiwa. Halafu y nazo zikafa. Upande wa kushoto kukabaki sifuri, na upande wa kulia kukabaki sita.

Sifuri sawa na sita.

Nilifuta, nikarudia. Nikaanza na x, nikaja na y. Nikageuza karatasi. Kila nilipopita nilifika palepale, sifuri sawa na sita, na nikahisi jasho limenishika mgongoni. Shuleni kila swali lililowahi kuandikwa ubaoni lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa nyuma ya kitabu. Sikuwahi kufikiri kwamba swali linaweza kukosa jibu. Nilifikiri tu kwamba mimi nimelikosa, na kwamba baba yuko hatua tatu kutoka hapo ananitazama.

"Imefika wapi?" akauliza.

"Karibu," nikasema.

Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Niliuacha mlinganyo wa pili. Nikachukua wa Jumatatu peke yake na kuanza kutafuta namba za kuutosha, kama mtu anayejaribu viatu sokoni. Tisa na nane zilitosha: mara mbili tisa kumi na nane, mara tatu nane ishirini na nne, jumla arobaini na mbili. Nikaziandika. Kikapu cha mama mkubwa kilo tisa, cha mama kilo nane. Hizo zingeweza hata kuwa za kweli. Zingemaliza ugomvi kwa kicheko.

"Nataka jibu linaloamua," baba akasema, kana kwamba ameniona. "Sitaki la huku na huku."

Na mama mkubwa, pale mlangoni, akasema taratibu, "Mtoto hawezi kumpima mama yake."

Maneno hayo yaliniuma. Nilikuwa mtu wa hesabu, na mtu wa hesabu hana mama. Niliwaza kwamba nikisema tisa na nane, atasema nimempendelea mama. Nikizipindua mama akashinda, atasema zaidi. Nikatafuta namba ambazo hakuna mtu angeweza kusema nimempendelea, nikazipata. Kumi na mbili na sita. Mara mbili kumi na mbili, ishirini na nne. Mara tatu sita, kumi na nane. Jumla arobaini na mbili. Nikafuta tisa na nane kwa mate na kidole, karatasi ikatoboka kidogo.

Nikasimama na kusoma kwa sauti. "Kikapu cha mama mkubwa, kilo kumi na mbili. Cha mama, kilo sita."

Baba alijaribu kwa vidole vyake, kwa risiti ya Jumatatu, na ikakubali. Ya Alhamisi hakuijaribu kwa sababu mimi nilikuwa nimeikalia. Hilo ni la kweli kabisa. Risiti ilikuwa chini ya paja langu.

"Sita," akasema. "Nusu."

Hakupaza sauti. Mama mkubwa naye hakushangilia, nampa haki yake. Aliingia ndani tu. Mama aliacha kuchambua mboga. Alinitazama, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma. Kisha akatazama mikono yake.

"Kama hesabu imesema," akasema, "mimi nitabishana na hesabu?"

Tangu siku hiyo mama alianza kushindilia. Aliyekuwa akiyaacha majani yapumue sasa aliyabana kwa ngumi, na kikapu kikijaa aliingiza kiwiko. Alitaka kikapu chake kiwe kizito. Mimi nilimwona na nikanyamaza, kwa sababu kumwambia acha ingekuwa kumwambia kwa nini. Kila mtu wa chai anajua majani yaliyobanwa huwa yanafanya nini. Yanapata joto, yanavunjika, pembeni yanageuka mekundu kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Wiki ya tatu lori lilichelewa, majani yakakaa, na karani alipofikia kikapu cha mama aliingiza mkono na kuutoa haraka.

"Mama, haya yameiva tayari," akamwambia. "Unataka nikuletee sukari?"

Foleni nzima ilicheka. Karani aliyamwaga kwenye nyasi, kama sheria ya kituo ilivyokuwa. Mama aliinama akayazoa yote na kuyarudisha kikapuni, moja moja, ijapokuwa hayakuwa na kazi tena, kisha akayabeba mpaka nyumbani. Nilikuwa nyuma yake njia nzima.

Baba hakugomba hata siku hiyo. Alisema tu kwamba mwenye vikapu vyepesi ameanza kuharibu hata jina la namba yetu kituoni. Mistari ya chini ikapewa mama mkubwa. Mama alipelekwa shamba la bondeni, kule kwenye tope karibu na kijito, alime mahindi na wimbi. Kikapu chake kikawekwa darini.

Nilirudi shule. Niliendelea kuwa wa kwanza katika hesabu, na baba aliendelea kunitaja kwa wageni. Alisema ana binti anayeweza kupima kitu bila mizani.

Mwaka uliofuata, kidato cha pili, muhula wa pili, mwalimu wetu wa hesabu alichora mistari ubaoni. Alikuwa kijana kutoka upande wa ziwa, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda, mwenye mzaha mwingi na suruali moja. Alitupa milinganyo miwili tuichore kwenye karatasi ya grafu, na mistari ikatoka sambamba. Tukalalamika kwamba karatasi ni ndogo.

"Form two, sikilizeni," akasema. "Hata nikiwapa karatasi ifike mpaka Mulot, hawa wawili hawatameet. Hawana shida na karatasi. Wana shida na wao wenyewe."

"Sasa tuandike nini, mwalimu?" mtu akauliza.

"Andika hakuna. Hakuna suluhisho." Darasa likaguna. "Mnaguna nini? Mnataka jibu kwa lazima? Ukitoa moja kwa nyingine na ubaki na sifuri sawa na tano, usianze kujaribujaribu namba. Hizo habari mbili haziwezi kuwa kweli pamoja. Rudi kwa mtu aliyekuletea, umuulize alipima nini."

Nilisikia masikio yakiniwaka. Nikafungua ukurasa wa nyuma wa daftari, nikaandika ile ya kwetu, nikaichora. Mistari miwili, imekaa upande kwa upande, kama mistari ya chai iliyopandwa na mtu mwenye kamba. Haikuhitaji hata rula kuonyesha.

Nikajiuliza, kama mwalimu alivyosema, tulipima nini. Haikunichukua dakika tano. Alhamisi ile mvua ilinyesha saa nane, mvua ya kawaida ya kwetu ambayo hakuna anayeitaja. Tulichuma ikinyesha, tukaendelea kuchuma ilipokatika. Kilo sita zilizozidi zilikuwa maji. Kikapu cha Jumatatu na kikapu cha Alhamisi havikuwa kitu kimoja, na mimi niliviita vyote kwa herufi moja. Kuhusu nani alikuwa na kikapu chepesi, risiti zile mbili hazikujua lolote. Hazikuwahi kujua.

Nilitembea kwenda nyumbani jioni hiyo nikiwa nimeamua kusema. Nilimkuta baba anarekebisha ua. Aliniona, akaniita nimshikie mti, na huku akipigilia msumari akaniambia kwamba ameongea na ndugu zake. Mimi nitasoma mpaka mwisho, hata kama ni msichana, kwa sababu kichwa kama hiki hakitupwi. Nilishika mti. Nikasema asante, baba.

Nikajiambia nitasema baada ya mtihani. Baadaye nikajiambia baada ya Krismasi, maana nani anaharibu Krismasi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi sikuwa naziba wala kujenga, nilikuwa napita pembeni kila siku na vitabu vyangu. Mama alikuwa bondeni. Alirudi na matope mpaka magotini, akaniuliza leo mmefunzwa nini, nami nikamjibu mambo ya jiografia.

Baba aliugua kifua mwaka niliomaliza kidato cha nne. Hakuugua sana wala muda mrefu. Nilikaa naye mara nyingi, na nyakati nyingine tulikuwa wawili peke yetu, na kila mara niliona kwamba mgonjwa hastahili kusumbuliwa na mambo ya vikapu. Tulimzika juu ya shamba la chai.

Ilinichukua miaka miwili zaidi. Nilikuwa nimeanza kufundisha katika shule ndogo karibu na Fort Ternan, nikaja nyumbani kwa likizo, na nilipokuwa nikitayarisha masomo nikakutana na mada hiyo. Niliona siwezi kusimama mbele ya watoto wa watu na kuwaambia andika hakuna. Nikafunga kitabu nikamfuata mama.

Alikuwa nyuma ya nyumba anasafisha kibuyu cha maziwa, anakisugua ndani kwa kijiti chenye mkaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia habari ya mvua, ya risiti niliyoikalia, ya tisa na nane nilizozifuta. Nilizungumza haraka, kama mtoto anayesoma shairi alilokariri. Yeye aliendelea kusugua.

"Kwa hiyo hapakuwa na sita," akasema mwishoni.

"Hapakuwa na sita, mama."

"Na ile kumi na mbili?"

"Nayo haikuwepo. Nilizitunga."

Akatikisa kibuyu, akachungulia ndani. Nilimwona anatabasamu kidogo, na kwa kitambo kifupi nilidhani nimeponyoka.

"Mimi nilikuwa najiuliza ni nini kimepata mikono yangu," akasema. "Nilidhani ni ugonjwa. Nilikuwa naishika hivi, naikunja, naona iko sawa. Halafu nasema, lakini mtoto alipima."

"Nisamehe, mama."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto anaogopa baba yake." Akakiweka kibuyu chini. "Ulijua lini?"

Hilo ndilo swali ambalo sikuwa nimejiandaa kulijibu. Nilikuwa nimetayarisha kosa la kidato cha kwanza, kosa la Aprili, la msichana mwenye jasho mgongoni. Ningeweza kumwambia nimegundua juzi, kwenye kitabu. Angeniamini, alikuwa ameniamini hata kuliko mikono yake mwenyewe.

"Form two," nikasema. "Muhula wa pili."

Nilimwona anahesabu. Hakuwa amesoma, lakini aliijua miaka ya shule yangu kuliko mimi, kwa sababu kila mwaka aliupalilia kwa jembe.

"Baba yako alikuwa hai," akasema.

"Alikuwa hai."

"Alikuwa anakuja kule bondeni jioni. Anasimama juu pale, anatazama wimbi langu. Ananiambia, angalau huku umejitahidi." Alilirudia neno hilo, angalau, kwa sauti ya baba kabisa. "Na wewe ulikuwa unajua."

Nilitazama kibuyu pale chini.

"Angefurahi," akasema mama. "Yule mtu alipenda sana mikono yangu. Ungemwambia, angefurahi, angekuja kuniambia mwenyewe. Sasa alikufa akijua alioa mvivu."

Nikamwambia nitakwenda kwa mama mkubwa saa ileile nimweleze, mistari ya chini irudi. Alitikisa kichwa. Alisema sasa mistari ni ya nini, na kwamba mama mkubwa naye amezeeka, niwaache. Kisha akaniambia maji ya kusuuzia kibuyu yamekwisha, nikachukua ndoo nikaenda kuteka.